Namna ya Kupata Sehemu Zako za Kula Mbeya Mjini

Sehemu za kula Mbeya hazina uhaba. Kuanzia Uyole hadi Mbalizi, barabara kuu ya Tunduma imejaa mama lishe, vibanda vya chipsi, vibanda vya kitimoto (nyama ya nguruwe) na migahawa ya viti vya plastiki. Kazi ni kujua nani anapika nini vizuri. Karibu kila jiko la hapa lina chakula kimoja linachokimudu hasa, na vingine vimewekwa ili mteja asiondoke na njaa. Kwa hiyo usihangaike kutafuta mgahawa mzuri. Tafuta maharage mazuri, ndizi nzuri, supu nzuri, kila kimoja na mahali pake.

Anza na chakula kimoja tu. Ukichagua wali maharage, kula wali maharage sehemu nne au tano, saa zilezile, bila kubadilisha. Anayekula wali Jumatatu, chipsi Jumanne na pilau Jumatano hana cha kulinganisha.

Kuuliza nako kuna namna yake. Ukisema "chakula kizuri kinapatikana wapi?" utaelekezwa kule wanakopelekwa wageni. Salimia kwanza, kisha uliza: "Kaka, wewe mwenyewe mchana unakula wapi, na unaagiza nini?" Waulize madereva wa bajaji pale Kabwe, wabeba mizigo wa Soko la SIDO, mafundi cherehani wa Mwanjelwa. Hawa wanakula nje kila siku kwa hela yao, na jiko likilegea wanahama wiki hiyohiyo. Foleni ya malori kando ya barabara si ushahidi wa kutosha: dereva wa lori anasimama penye nafasi ya kuegesha, chakula kiwe kizuri kisiwe kizuri.

Saa ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Supu iendee kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, kwa sababu baada ya hapo sufuria huongezwa maji. Wali na ndizi vinatoka jikoni karibu saa sita, basi fika kati ya saa sita na nusu na saa saba na nusu. Ukifika saa tisa unaonja mabaki, na huwezi kumhukumu mpishi kwa mabaki. Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi inapokaza, chakula kilichopakuliwa mapema kinapoa haraka mno, kwa hiyo kaa karibu na jiko na uulize: "Mama, sufuria gani imetoka motoni sasa hivi?" Atakuonyesha bila kinyongo.

Maharage ndiyo kipimo kizuri kuliko vyote, na sababu ni mwinuko. Mbeya iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi badala ya 100 za pwani. Maharage yaliyoiva Dar es Salaam kwa saa mbili, hapa yanadai zaidi. Mpishi makini huyaloweka usiku kucha na kuyabandika alfajiri. Mwenye haraka hutupia magadi. Magadi kidogo hayana ubaya, ila yakizidi mchuzi unakuwa na weusi fulani, maganda yanachambuka, na ulimini inabaki ladha inayokaribia sabuni. Chukua harage moja, libonyeze kati ya ulimi na kaakaa. Likisagika lote sawasawa, na mchuzi umekuwa mzito wenyewe bila unga, umepata mahali. Likiwa na kiini kigumu katikati, usimalize sahani, kwani maharage mabichi yanasumbua tumbo kweli.

Kwenye wali, pua inatosha. Mchele wa Kyela unanukia tangu mfuniko unapofunuliwa. Sehemu nyingi hutangaza Kyela na kupika mchanganyiko wenye chenga, harufu ikafifia na wali ukashikana. Mchele wa Usangu, kule Mbarali, nao ni mzuri sana, na mpishi anayesema wazi kwamba anapika wa Usangu anastahili kuaminiwa na mengine. Tazama kama wanapalia mkaa juu ya mfuniko: wali uliopaliwa huiva juu na chini, punje inasimama. Uliosongwa na maji mengi unaonekana umeshikana tangu unapopakuliwa.

Ndizi zinateremka kutoka Rungwe. Tukuyu ni kama kilomita 70 tu kutoka mjini, na barabara yake inaungana na barabara kuu pale Uyole, ndiyo maana ukitafuta ndizi uanzie Uyole na uelekee mjini. Ndizi ya kupika inatakiwa iwe mbichi kabisa. Ikianza kuiva, inaingiza utamu kwenye mchuzi na kumeguka kabla nyama haijalainika. Mbalaga, yaani ndizi hizo za kupika, zilizopikwa vizuri zinabaki nzima, laini hadi ndani, na mchuzi umeshikana nazo. Uliza pia zinapikwa siku gani. Majiko mengine hupika ndizi siku ambazo mzigo mpya umeingia tu, na hao ndio wa kuwafuata.

Supu ya makongoro ina jaribio jepesi: baada ya vijiko vitatu, midomo igandane kidogo. Hiyo ina maana kano zimechemka kwa saa nyingi hadi zikayeyuka. Kama midomo iko mikavu na kano zinavutika kama mpira, sufuria ilibandikwa alfajiri badala ya jioni iliyotangulia. Chapati ya kuandamana nayo ichanike kwa tabaka.

Chipsi hazihitaji maneno mengi. Viazi vya nyanda hizi ni vizuri, kinachoharibu ni mafuta. Yakiwa meusi, yanatoa povu na moshi kabla kiazi hakijaingia, ondoka. Na usikubali zile zilizokaangwa nusu tangu asubuhi zikisubiri kurudishwa kwenye karai, sema unataka kiazi kikatwe sasa, utasubiri dakika 15.

Kitimoto kinahitaji macho zaidi. Unachagua kipande kikiwa kibichi, kinapimwa, kinakatwa, kisha kinakaangwa au kuchomwa. Kabla ya kupima, hakikisha mshale wa mzani uko kwenye sifuri, na uulize bei ya kilo. Nyama ikiiva inapungua robo hadi theluthi ya uzito, kwa hiyo kilo moja ya watu watatu si nyingi. Tafuta mhuri wa mkaguzi wa nyama kwenye ngozi au paja. Kisha tazama msuli wenyewe: vifuko vidogo vyeupe vyenye majimaji, vya ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, ni tegu wa nguruwe, na nyama hiyo haifai kuuzwa. Ikishaiva, pasua kipande kinene kuliko vyote. Ndani kusiwe na wekundu wala maji ya damu. Wakikuharakisha kwa kukuletea baada ya dakika kumi, rudisha iendelee, kwani nusu kilo iliyokatwa vizuri inataka dakika 30 au zaidi.

Watu wengi wanaogopa nyama na kusahau kachumbari. Mayai ya tegu hutoka kwa binadamu mwenye mnyoo huo, hupita kwenye mikono isiyonawiwa na mboga zisizooshwa, na yakikua kuwa vifuko kwenye ubongo huweza kuleta kifafa. Kwa hiyo angalia ndoo ya kunawia: iwe na koki na sabuni, na wahudumu wenyewe waitumie. Kachumbari ikatwe unapoagiza. Iliyokaa kwenye beseni tangu asubuhi ikielea kwenye maji yake, iache. Angalia pia beseni la kusuuzia sahani. Maji yakiwa na ukungu wa mafuta juu, chakula kiwe kitamu namna gani, hapo si pa kurudi.

Kwa asiyekula nguruwe, swali ni moja na liulizwe bila aibu: "Dada, karai hili linakaangia kitimoto?" Vibanda vingi vinavyouza vyote viwili vina karai moja, na kichomeo kimoja.

Samaki wa Ziwa Nyasa wanafika kupitia Kyela, mbasa akiwa ndiye anayesifiwa zaidi. Safari ni ndefu, basi uliza ameingia lini na uonyeshwe akiwa bado hajakatwa wala kukaangwa: jicho liwe limejaa, shavu la ndani liwe jekundu. Aliyekwisha kukaangwa na kupangwa kabatini huwezi kumjua, na pilipili nyingi hapo huwa zinaficha kitu.

Mahali pakikupendeza, rudi mara ya pili siku tofauti kabla hujapaingiza kwenye orodha. Kama mara ya kwanza ilikuwa katikati ya wiki, nenda Jumamosi. Mpishi anaweza kuwa na zamu, na wali wa mama mwenye jiko si lazima uwe wali wa binti anayemshikia. Usipime jiko lolote kati ya tarehe 1 na 8 Agosti, wakati wa maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Mji unajaa na kila mtu anapika kwa kukimbizana.

Orodha iweke kwenye simu, na usitegemee ramani za mtandaoni peke yake, kwa kuwa majiko madogo hayamo na yaliyomo mara nyingi yamehama. Andika eneo na alama isiyohama (mti, msikiti, kanisa, kona ya kituo cha daladala), chakula kimoja unachokifuata pale, saa kinapotoka jikoni, bei, na siku wanayofunga. Wengi hawafungui Jumapili hadi ibada iishe. Chukua na namba ya simu ya mpishi kwa ruhusa yake: ukitaka ndizi za watu kumi, mpigie jana yake kabla ya saa kumi jioni, apate muda wa kuagiza mkungu.