Kifuniko cha hita kisikubanie joto

Kama uko Uingereza na unataka kuficha kwa kifuniko zile hita za ukutani zinazopasha chumba joto kwa maji ya moto, kabla ya urembo angalia hewa itapita wapi. Ya baridi iingie chini, ya moto itoke juu na mbele. Ubao mzima juu hubana joto ndani, na ile valvu yenye namba, inayodhibiti joto la hita, huhisi chumba kimeshapata moto, ikafunga mapema. Mimi napenda mbao zenye nakshi za matundu, kama za roshani za Mji Mkongwe, zinapendeza mno! Ukuta wa nje, bandika karatasi ya kuakisi joto nyuma ya hita. Kifuniko kifunge imara kwa ajili ya watoto, ila kitoke kirahisi siku ya kutoa hewa iliyonasa ndani ya hita.