Taa Kuwaka Si Stima ya Kuchaji Gari: Ukinunua Nyumba ya Zamani Nakuru

Uko ughaibuni, unanunua nyumba utakayochajia gari la umeme: binamu akikutumia video ya nyumba ya mtaa wa Milimani, taa zote zinawaka, akakwambia "stima iko sawa", mshukuru, lakini usiamini. Balbu ya LED inakula wati 10. Gari la umeme linaweza kuvuta ampea 32 saa sita mfululizo, na nyumba ya miaka ya 1970 haijawahi kubebeshwa mzigo huo hata Krismasi ukoo mzima ukiwa ndani.

Upekuzi wa hati miliki na ushuru wa stempu mnajua. Mita isiwe na deni, wala isilishe vyumba vya nyuma.

Mtego ni athi, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja. Kwenye soketi utaona waya wa kijani, lakini nje hauendi popote: fimbo yake ya ardhini imeoza, au shaba ilishauzwa kwa vyuma chakavu. Friji na televisheni hazilalamiki. Chaja ya gari hulalamika, kwa sababu nyingi hukagua athi kwanza, zikiikosa zinakataa kuchaji.

Hapo fundi wa njia za mkato ana dawa yake: kipande kifupi cha waya ndani ya soketi, kinachounganisha athi na nyutro, waya unaorudisha umeme kwenye nguzo. Taa ya chaja inageuka kijani, shemeji anakutumia dole gumba. Nyutro ikikatika huko kwenye nguzo, bodi ya gari inabeba volti 240 na mtoto yuko pekupeku uani. Kwa hiyo soketi ifunguliwe, nyaya zipigwe picha. Ukiona hicho kipande, kila soketi ya nyumba hiyo ina kesi.

Athi hupimwa kwa kipima athi, si kwa testa ya bisibisi. Ipimwe Januari au Februari, udongo wa majivu ya volkano ukiwa umekauka. Kipimo cha baada ya masika kinadanganya. Ikizidi omu 200, haitegemeki. Ongeza fimbo, uziachie nafasi, upime tena.

Huku Uingereza mnunuzi hulipa mkaguzi atazame unyevu wa kuta. Stima hapimi, ila anaandika kwamba hakupima. Sisi tunamtuma shemeji kwa sababu ana pikipiki.

Kisha hesabu ya alfajiri, maana Nakuru ni baridi. Shawa ya umeme ya kilowati 5.5 ni ampea 23, gari 32, birika 8. Jumla 63, na suichi kuu nyingi za zamani ni za 60. Chaja iwekwe ampea 16, au ichaji usiku wa manane. Ukitaka fezi tatu, yaani laini tatu za stima badala ya moja, makadirio ya Kenya Power yapatikane kwa maandishi kabla ya kulipa amana.

Gari liwe na laini yake kutoka kwenye boksi kuu la stima: waya wa milimita 6 za mraba, 10 kama maegesho yako mbali, na RCD, swichi inayokata stima ikivuja, ya miliampea 30.

Fundi awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na umlipe wewe, si muuzaji.