Moto Usitumike Kuondoa Kirukia na Mlangamia Mitini

Mkulima wa Unguja au Pemba anayekuta mkarafuu wake umevamiwa na kirukia, au mvinje uliofunikwa na nyuzi za mlangamia, aweza kudhani kwamba biwi likiwashwa chini ya mti wakati wa kaskazi litaunguza kimelea, yaani mmea huo unaounyonya mti, na kuusalimisha mti. Suala hili limechunguzwa sana katika misonobari ya magharibi mwa Marekani, na yaliyoonekana huko hayaungi mkono dhana hiyo.

Misonobari hiyo hushambuliwa na virukia vidogo vya jenasi ya Arceuthobium, ambavyo huufanya mti utoe matawi yaliyosongamana mfano wa fagio. Matawi hayo hukusanya majani makavu na utomvu, na yakiwa karibu na ardhi huupa moto wa chini njia ya kupanda hadi kileleni. Ni kweli kwamba kirukia hufa pamoja na tawi lililoungua, kwa sababu hakiishi bila mti ulio hai. Lakini mti uliodhoofishwa nacho hufa upesi kuliko ule mzima, hata ikiungua sawasawa. Tena, moto ukibakisha miti mikubwa michache yenye kirukia, mbegu zake, ambazo hufyatuka zenyewe kwa nguvu, huangukia miche iliyo chini na maambukizi huanza upya. Moto husafisha msitu kikamilifu pale tu unapoteketeza miti yote, na baadhi ya misonobari hulihimili hilo kwa kuwa koni zake hufunguliwa na joto na kumwaga mbegu.

Mkarafuu hauna kinga hiyo. Gome lake ni jembamba, mizizi yake midogo iko karibu na uso wa ardhi, na majani yake yana mafuta. Mvinje nao hauvumilii moto.

Njia ifaayo ni kukata. Kirukia cha huku husambazwa na ndege wanaokula matunda yake na kuacha mbegu zenye ulimbo zikinata matawini, kwa hiyo kiondolewe kabla matunda hayajaiva. Kukwanyua majani yake ni kazi bure, maana vinyonyeo vyake vimekwisha kupenya ndani ya mti. Tawi likatwe kwa msumeno, angalau sentimita 30 chini ya pale kilipojishika, kuelekea shinani. Kikiwa kwenye shina lenyewe, kichongwe kila kinapochipua. Mlangamia uvutwe wote pamoja na vijitawi ulivyojifunga, kwani kipande kilichosalia kwenye tawi bichi huendelea kukua, na vichaka vya jirani vikaguliwe pia.

Mabaki ndiyo yanayofaa kuchomwa, yakiisha kukauka, mahali peupe mbali na miti, alfajiri kabla upepo haujashika, na maji yakiwa karibu. Katika ardhi ya maweni uangalizi uzidi, kwa kuwa majani makavu hujaa kwenye mianya ya mawe na moto huweza kufukuta humo baada ya biwi kuonekana limezimika.