Jinsi ya kuomba zabuni ya ujenzi kwenye mradi wa Benki ya Dunia

Tangazo la zabuni likitoka, wakandarasi wengi wa nchi zinazoendelea hukimbilia kupiga bei. Lakini kwenye miradi hii bei ya chini haimwokoi mzabuni aliyekosa sifa, na sifa hazitengenezwi ndani ya muda wa zabuni. Zinatokana na jinsi kampuni inavyotunza hesabu na mikataba yake mwaka hadi mwaka. Mwongozo huu unahusu zabuni za kimataifa za kazi za ujenzi, zinazotumia nyaraka sanifu za Benki.

Kabla ya kununua au kupakua nyaraka, angalia kama unaruhusiwa kushiriki. Benki ya Dunia huchapisha orodha ya kampuni na watu waliofungiwa. Tangu makubaliano ya mwaka 2010 kati ya benki za maendeleo, kampuni iliyofungiwa na benki moja kwa zaidi ya mwaka inaweza kufungiwa pia na nyingine, zikiwemo Benki ya Maendeleo ya Afrika na ile ya Asia. Tafuta jina lako, la mbia wako na la mkandarasi mdogo unayepanga kumtumia.

Kisha nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vigezo vya tathmini na sifa. Hapo ndipo utajua kama inafaa kuendelea. Kigezo cha kwanza cha kupima ni wastani wa mauzo ya mwaka ya kazi za ujenzi. Kwa kawaida thamani ya mkataba hugawanywa kwa miaka ya utekelezaji, kisha huzidishwa kwa 1.5 au 2. Kazi ya dola milioni 6 ya miaka 2, kwa kizidisho cha 1.5, inadai wastani wa dola milioni 4.5 kwa mwaka. Kigezo cha pili ni fedha za kuendeshea kazi, ambazo mara nyingi ni sawa na malipo ya miezi mitatu au minne ya mkataba. Kwenye mfano huu ni kati ya dola 750,000 na milioni 1. Fedha hizo ziwe huru: mkopo ambao tayari umefungwa na miradi mingine hauhesabiki. Hapa ndipo kampuni yenye mitambo mizuri na mafundi hodari huanguka, kwa sababu hesabu zake hazijakaguliwa au vyeti vya kukamilisha kazi havikudaiwa kwa wenye miradi wakati ule. Inauma, kwa kuwa kazi ilifanyika kweli. Daini cheti siku kazi inapokabidhiwa.

Ukipungukiwa, tafuta ubia. Wabia huwajibika kwa pamoja na kila mmoja peke yake kwa mkataba wote, kwa hiyo mbia dhaifu anaweza kukubebesha deni lote. Chunguza hesabu zake kama vile mwajiri, yaani mwenye mradi anayetangaza zabuni, atakavyochunguza zako.

Uliza maswali kwa maandishi kabla ya tarehe iliyotajwa. Majibu hupelekwa kwa wazabuni wote bila kumtaja aliyeuliza, kwa hiyo usiogope kuuliza.

Dhamana ya zabuni, yaani ahadi ya benki kumlipa mwajiri mzabuni akikiuka masharti ya zabuni, iombeni mapema benki, na msiwaachie watu wa benki kutumia fomu yao. Fomu lazima iwe ile iliyomo kwenye nyaraka. Ikaguliwe neno kwa neno: jina la mwajiri, kiasi, na muda, ambao huwa hadi siku 28 baada ya uhai wa zabuni (kipindi ambacho zabuni yako inaendelea kukufunga) kwisha. Ubia ukiwa bado haujasajiliwa, dhamana ibebe majina ya wabia wote; dhamana yenye jina la mbia mmoja tu inaweza kuiangusha zabuni nzima.

Kwenye jedwali la vipimo na bei, kumbuka kwamba jumla ya mstari isipolingana na bei ya kipimo kimoja ikizidishwa kwa idadi ya vipimo, bei ya kipimo ndiyo inayofuatwa na jumla hurekebishwa. Ukikataa marekebisho hayo, zabuni hukataliwa. Mtu ambaye hakuziandika bei azipige hesabu upya.

Wasilisha kabla ya saa iliyotajwa. Zabuni iliyochelewa hairuhusiwi kuingia, hata kwa dakika chache.

Baada ya tathmini, wazabuni hupelekewa taarifa ya kusudio la kutoa mkataba, na kipindi cha kusubiri cha siku 10 za kazi huanza. Kama hukushinda, una siku 3 za kazi za kuomba maelezo, na mwajiri anatakiwa kuyatoa ndani ya siku 5 za kazi. Omba kwa maandishi, na uulize kigezo ulichokosa na kifungu kilichotumika. Ukiona kuna kosa, peleka malalamiko kabla kipindi hicho hakijaisha, ukiambatisha nakala ya kifungu na ukurasa wa zabuni yako unaojibu kifungu hicho.