Somo: Kompyuta inakwama ukiediti video? Usikimbilie RAM

Wakuu, mwezi wa sita nilikuwa na video ya sendofu ya Uyole ya kukabidhi jioni, na laptopu ikawa inaganda kila nikicheza taimulaini (ule mstari wa kupangia klipu). Duka moja hapa Mbeya mjini wakaniambia "ongeza RAM tu," yaani memori. Nikatoa hela ya magunia ya viazi, nikapanda kutoka GB 8 hadi 16. Nimerudi Mwanjelwa, picha inarukaruka vilevile. RAM haikuhusika kabisa.

Hatua ya 1: Mjue mchawi. Cheza kipande kile kinachokwama, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ifunguke Task Manager. Angalia wakati picha inakwama, siyo ikishatulia. Nani kagonga asilimia 100: prosesa, memori au diski? Kwangu diski ilisimama kwenye 100 huku prosesa ikijivuta kwenye 30.

Hatua ya 2: Diski. Diski ya kuzunguka husoma kama megabaiti 100 na ushee kwa sekunde, tena faili likiwa limekaa sehemu moja. Ukiweka klipu za kamera mbili na sauti ya mikisa, kichwa chake kinakimbia huku na huku na kasi inaanguka. SSD (diski isiyo na kitu cha kuzunguka ndani) ya kawaida ya SATA hufika 500 hivi. Weka mradi na klipu kwenye SSD, usiijaze hadi ukingoni. Na tafadhali, usiediti moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya mteja. Nakili kwanza.

Hatua ya 3: Klipu za simu. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Simu nyingi za sasa zikirekodi 4K huhifadhi kwa H.265, njia ya kubana video. Ili faili liwe dogo, picha kamili huwekwa mara mojamoja tu. Zilizobaki ni maelezo ya kilichobadilika. Kwa hiyo ukiruka katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kurudi kwenye picha kamili ya nyuma na kupiga hesabu hadi pale ulipo. Ukiburuta mshale mbele na nyuma, unaitesa.

Dawa yake ni proksi: nakala nyepesi za kuhariria. Kwenye Premiere Pro, DaVinci Resolve na Kdenlive zipo zote, unabofya klipu kitufe cha kulia na kutafuta neno "Proxy". Chagua ukubwa wa 1280 kwa 720. Iache itengeneze usiku, ulale. Siku ya kutoa kazi, hakikisha programu inatumia klipu za asili, siyo proksi. Kama una haraka, shusha ubora wa kioo cha kutazamia hadi nusu au robo. Video ya mwisho haiguswi.

Hatua ya 4: Vumbi. Kuna watu wanasema Mbeya baridi, laptopu haiwezi kupata moto. Ya kwangu niliifungua mwezi wa kumi: kati ya feni na zile bati nyembamba za kupozea palikuwa na vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, nikalivuta likatoka zima. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe. Zima, chomoa betri, safisha kwa brashi laini, feni uishike kwa kijiti isizunguke.

Hatua ya 5: Sauti. Mkirekodi kwaya, bafa (idadi ya sampuli za sauti ambazo kompyuta hukusanya kabla ya kuzishughulikia) iwe 128 ili mwimbaji asijisikie kwa kuchelewa. Mkianza kumiksi, pandisheni hadi 1024. Kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, hiyo ni kuchelewa kwa milisekunde 21 hivi. Kwenye kumiksi haina shida, na ile mikwaruzo ya sauti inakoma.

MASWALI

Wa Iringa: Mkuu, ibada ya saa mbili niliyorekodi kwa simu, mwanzo midomo na sauti viko sawa, mwisho vimeachana. Nifanyeje?

Jibu: Simu hubadilisha idadi ya picha kwa sekunde kadiri mwanga unavyobadilika. Pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya kubadilisha video, chagua "Constant Framerate", 30, kisha uingize hiyo mpya. Kukata na kusogeza sauti kwa mkono utakesha bure.

Wa Tukuyu: Kaka, yangu inaenda vizuri, umeme ukikatika tu inakuwa kama konokono.

Jibu: Ikiwa kwenye betri inajibana yenyewe. Kwenye mipangilio ya nishati chagua "Best performance", ingawa betri itaisha mapema na kasi haitarudi yote. Mimi umeme ukikatika nakata na kupanga tu kwa proksi, kurenda (kutoa video ya mwisho) nasubiri urudi.

Wa Makambako: Nina GB 4 na diski ya kuzunguka. Hela inatosha kitu kimoja.

Jibu: Dada, kwa GB 4 memori imejaa kabla hujafungua mradi, na ikijaa kompyuta inaisukumia diski mzigo, ndiyo maana utaona vyote viwili vinalia. Ningekuwa wewe ningeanza na SSD, maana hata huo mzigo wa memori unapata pa kupumulia, halafu nihariri kwa proksi huku natafuta RAM ya mtumba. Ila kabla hujalipa, mwambie fundi aifungue aone kama RAM haijachomelewa kwenye bodi. Zipo nyingi za hivyo.