Kabla hamjashuka Moshi na gari za kabureta

Wazee wa Datsun 240Z, tukiwa tunashuka Moshi jumapili bebeni spana ya plagi. Arusha tuko kama mita 1,400 hewa nyepesi, sasa kabureta (ile inayochanganya hewa na petroli) iliyosetiwa huku ukifika Moshi, chini ya mita 1,000, hewa inakuwa nzito na petroli inakuwa kidogo kwa hewa hiyo, gari inakohoa watu wanaanza kulaumu koili ya umeme wa plagi. Chomoa plagi: nyeusi ya masizi ni mafuta mengi, nyeupe ni mafuta kidogo, kahawia ndo penyewe. 240Z za mwanzo zina nati chini ya kila kabureta, ukiishusha unaongeza mafuta, robo mzunguko tu na zote mbili sawasawa, sio unafungua kama bomba la maji jamani 😂