Kubadilisha filta ya tangi la samaki bila kupoteza bakteria wake

Jumamosi iliyopita nilikwenda Sakina, hapa Arusha, kumsaidia dada mmoja aliyenunua filta mpya ya nje, ile ya mfano wa ndoo iliyofungwa. Nilimkuta ameshaing'oa ya zamani, na sponji yake imelowekwa kwenye beseni la sabuni. Sponji hiyo tuliitupa. Ilibidi nirudi Njiro nikate kipande cha sponji kwenye tangi langu, nikakileta ndani ya kopo lenye maji ya tangi lilelile.

Samaki hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka ubadilishe maji. Bakteria hao hawaelei majini kwa wingi, wamejishikiza kwenye sponji, kwenye changarawe, hata kwenye kioo. Kwa hiyo kutunza maji ya zamani hakusaidii kitu. Tunza ule utelezi wa kahawia ulioko kwenye sponji.

Hatua ya 1. Funga filta mpya kwenye tangi bila kugusa ya zamani. Mkaa uliokuja nayo uweke kando, nafasi yake ijaze sponji ngumu. Mkaa huchoka baada ya wiki chache, na ukiutupa unawatupa na bakteria waliokaa juu yake. Sponji nzuri hudumu miaka.

Hatua ya 2. Chota maji ya tangi kwenye ndoo, kamulia humo sponji ya zamani mara mbili tatu, kisha yamimine ndani ya filta mpya. Tangi litachafuka kwa saa kadhaa, liache. Maji ya bomba yasiguse sponji, klorini itaua ulichokuja kukiokoa.

Hatua ya 3. Ziache filta zote mbili zifanye kazi pamoja kwa wiki 4 hadi 6. Hapa ndipo mimi niliumia. Nilitoa ya zamani baada ya wiki mbili, tena mwezi wa saba, na usiku huohuo samaki wakawa juu ya maji wanahema. Nilibadilisha maji mpaka karibu na alfajiri. Baridi ya Arusha hupunguza kasi ya bakteria kuzaliana, kwa hiyo kuanzia Juni hadi Agosti, kama tangi halina hita, ngoja wiki 8. Jambo la pili ni maji yetu. Mengi yanayotoka miteremko ya Meru yana alkali, na kadiri pH (kipimo cha asidi na alkali) inavyopanda ndivyo amonia ileile inavyozidi ukali. Kiasi ambacho tangi la mwenzako wa mkoa mwingine linakivumilia, hapa kinaweza kuua.

Halafu kuna umeme. Filta iliyofungwa ikizimika, maji ya ndani huishiwa oksijeni na bakteria huanza kufa baada ya saa chache. Umeme ukirudi usiiwashe hivihivi, utamwagia samaki uozo wote ule. Ifungue, mwaga maji yaliyolala, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Ukijua mapema kwamba umeme utakatika muda mrefu, toa sponji uiweke ndani ya tangi pamoja na pampu ndogo ya hewa ya betri. Kwangu pampu hiyo ni ya lazima kuliko taa.

Wiki zote ambazo filta mbili zinafanya kazi pamoja, usioshe changarawe, wala usiongeze samaki.

Hatua ya 4. Zima filta ya zamani na uitoe. Lisha nusu ya kawaida kwa wiki moja, na kila siku pima amonia na naitraiti kwa kipimo cha matone. Vile vya karatasi sivitumii tena, rangi zake zinabahatisha. Vyote viwili visome sifuri. Amonia ikifika miligramu 0.25 kwa lita, badilisha theluthi ya maji kwa maji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini, kisha urudishe filta ya zamani kwa wiki mbili nyingine. Ndiyo maana sponji yake usiitupe siku hiyo: ifiche nyuma ya jiwe ndani ya tangi mpaka vipimo vitulie.

Ukiazima sponji kwa jirani kama tulivyofanya Sakina, muulize kwanza kama samaki wake wameugua karibuni. Ugonjwa nao husafiri kwenye kopo hilohilo.